Mwaka wa Kusimama kwa Mguu Mmoja

Deo alilisema mbele ya watu, siku ya kuanua matanga pale Nyakitonto, huku akinawa mikono ili tule: mama yake hakuanguka hata mara moja katika miaka yote aliyoishi naye Dodoma. Alilisema kwa shukrani, na waliokuwa karibu wakatikisa vichwa kumsifu mtoto aliyemtunza mzazi wake. Alitaja vigae visivyoteleza alivyoweka bafuni, bomba la kushikia ukutani, na binti wa kazi aliyelala chumba kimoja na bibi. Bi Zuhura, niliyeketi naye kwenye mkeka upande wa wanawake, alinifinya paja. Nikaangalia sahani yangu. Ugali ulikuwa wa muhogo, maharage yalikuwa ya mawese, na chumvi ilikuwa imezidi kama ilivyo kawaida msibani, ambako wapishi ni wengi na kila mmoja anadhani mwenzake amesahau. Nilikula yote. Nilikuwa nimemzika rafiki yangu siku chache kabla, na njaa haikuwa imenipungua hata kidogo, jambo ambalo nilikuwa nikilichukia kwa watu wengine nilipokuwa kijana.

Wenzangu wakiandika kumbukumbu zao huchagua mwaka mmoja wa ujana, kwa kawaida ule waliopenda mtu au waliofukuzwa shule. Mimi ujana wangu niliutumia kusahihisha madaftari, na sioni cha kuwaambia watu kutoka humo. Mwaka ulionibadilisha ulinikuta na miaka sitini na moja, nikiwa nimestaafu ualimu na sijui asubuhi inatumika vipi. Ukoo wangu nitauruka. Inatosha kusema kwamba mimi ni mtu wa kuja, niliyepangiwa kazi Kibondo nikiwa msichana, nikahamishiwa Kasulu kwenye chuo cha ualimu, na nilipostaafu nikagundua kwamba sina sababu ya kurudi kokote. Nikapanga chumba uani kwa Bi Zuhura, mwenye duka la vitenge upande wa juu wa soko. Yeye ni mtu wa Pangani. Alikuja huku ameolewa, akabaki mjane, na lafudhi yake haijawahi kupanda mlima pamoja naye.

Chumba changu kilipakana na stoo ya duka. Ukuta ulikuwa mwembamba, dirisha la stoo lilikuwa la waya tu, na kwa hiyo nilisikia kila kilichosemwa dukani na kila kilichosemwa stoo, na kwa kuwa sikuwa na kazi tena nilisikiliza vyote. Humo stoo, kati ya marobota ya vitenge na magunia ya maharage aliyomwekea mpangaji mwingine, ndimo Bi Zuhura alimofundishia yoga kila Jumamosi asubuhi. Aliitoa India. Alimpeleka marehemu mumewe kutibiwa moyo, wakakaa huko miezi, na kwenye nyumba ya wageni waliyofikia kulikuwa na wanawake wa umri wake waliotandika mikeka juu ya paa alfajiri na kusimama kwa mguu mmoja. Mwanzoni aliwaangalia kwa sababu hakuwa na kingine cha kuangalia. Baadaye akatandika wa kwake. Mume alirudi nyumbani, akaishi kidogo, akafariki, na mazoezi yakabaki. Alipoanza kuona wateja wake wa zamani wanashika kaunta ili wageuke, akawakaribisha stoo. Mimi nilijiunga kwa sababu nilikuwa nimeanza kuvaa sketi nikiwa nimekaa kitandani. Sikumwambia mtu. Nilisema naenda kuwapa kampani.

Mafunzo yenyewe yalikuwa machache: mlima, ambao ni kusimama wima kama mtu anayesubiri wimbo wa taifa; kiti, ambacho ni kujishusha kama unakaa bila kukaa; na mti, ambao ndio uliotuleta sote, kusimama kwa mguu mmoja huku wayo wa mguu mwingine umekanyaga upande wa ndani wa goti au chini yake kidogo. Siku ya kwanza Bi Zuhura alisimama mbele yetu, akaunganisha viganja kifuani kama alivyofundishwa, akainamisha kichwa. Alikuwa amesahau yuko wapi. Kwa Waha, wenyeji wa huku, viganja vikikutana na kichwa kikainama, hiyo ni salamu, na salamu huku haiachwi nusu. Wote wakakunja magoti, wakapiga makofi ya taratibu, wakaitana "Mwakeye," wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za migomba, kila mmoja na kila mwenzake, kwa mpangilio wa umri. Bi Zuhura alibaki na viganja vyake kifuani, hajui avishushe lini.

"Jamani, hatujaanza," alisema.

"Ego, ndiyo tunaanza hivi," akajibu Mama Deo, ambaye ndiyo kwanza nilikuwa namwona.

Tangu hapo mikono ilikaa ubavuni. Suala la kufumba macho nalo lilikufa siku hiyo hiyo, kwa kuwa Wakatoliki waliposikia "fumbeni macho" walifanya ishara ya msalaba, na mtu akiwa kwenye mguu mmoja hawezi kufika bega la pili. Dukani, ng'ambo ya ukuta, watu walikuwa na maneno yao. "Humo ndani wanaabudu nini?" niliwahi kumsikia mteja mmoja akiuliza. "Wanasema mti." "Mti gani?" "Wanakuwa mti wenyewe." Nikasikia kitenge kinakunjuliwa. "Na hiki cha maua ya njano, kipo kingine?" Bibi wawili walikatazwa na watoto wao, wakaacha kuja. Bi Zuhura alisemwa na wenzake msikitini pia, na jibu lake lilikuwa lile lile kwa wote: "Mimi nasimama tu. Kusimama ni dini ya nani?" Baada ya mazoezi alitupa chai ya tangawizi na vitumbua, na Mama Deo alileta ndizi mbivu au muhogo wa kuchemsha kutoka kwake, na tulikula tukiwa tumeegemea marobota. Nimekula karamu nyingi za kuagwa na za kukaribishwa wakuu wa idara, na sikumbuki hata moja. Chai ya stoo naikumbuka.

Mama Deo jina lake ni Skolastika. Alikuwa mjane, mfupi, mkavu, mwenye maneno machache na jicho linalocheka kabla ya mdomo. Aliishi peke yake Nyakitonto na kuja mjini kwa bodaboda, amekaa upande, mkono mmoja umemshika dereva shati kama anamkamata. Alikuwa ameanguka kwake, kwenye kibanda cha kuogea, akalala chini mpaka jirani alipokuja kuomba moto, na habari ikafika Dodoma kwa mwanawe wa pekee, mtumishi wa serikali, kabla ya bibi mwenyewe kukauka. Alikuwa haisikii simu vizuri, kwa hiyo aliweka sauti kubwa, na mazungumzo yao ya mwisho wa wiki yalikuwa mali ya stoo nzima.

"Mama, siku ukivunjika nyonga, nani atakuokota?"

"Sijavunjika."

"Nikija likizo mwezi wa sita nakuchukua. Chumba chako kipo tayari, kitanda nimeshanunua."

"Ukinikuta naenda shamba na kurudi mwenyewe, je?"

Sisi wote tulikuwa tumeacha kutafuna.

"Nikiona kwa macho yangu unakwenda na kurudi, mama, nitakuacha. Sitakusumbua tena."

Akakata simu. Kila mtu wa Nyakitonto alijua njia ya shamba la Mama Deo: inashuka bondeni na kuvuka kijito kwa gogo moja, halafu inapanda. Mama Deo akamalizia ndizi yake. "Nyumba ile nimeisiliba kwa mikono yangu," alisema, kama mtu anayejibu swali la kawaida. "Dodoma nitakuwa mgeni mpaka nife." Kuanzia siku hiyo darasa letu lilikuwa na mtihani, na mimi nilifurahi, kwa sababu mtihani ndicho kitu pekee nilichokuwa nakijua vizuri.

Shida ni kwamba Mama Deo hakuweza mti. Kiti alikikaa kuliko sisi sote, mlima alisimama kama nguzo, lakini mguu mmoja ukinyanyuka tu alianza kuyumba na kucheka, kisha kuyumba bila kucheka. Tulimsimamisha karibu na ukuta, tukamwambia akazie macho msumari, anyooshe kidole gumba, ashushe mabega. Miezi ikapita, mahindi yakapandwa, akaendelea kuyumba. Halafu asubuhi moja lilikuja gari la mzigo kutoka Kibondo, Bi Zuhura akatuomba tumsaidie kusogeza mafurushi. Mama Deo akakunja kanga yake ngata, ule mviringo wa nguo tunaouweka kichwani chini ya mzigo, akajitwika furushi la vitenge, akasimama pale katikati ya stoo akisubiri aambiwe pa kuliweka. Mbu alikuwa amemuuma. Huku akiendelea kumsimulia mwenzake habari za mbuzi wa jirani, alinyanyua mguu wa kulia, akajikuna kwa wayo nyuma ya mguu wa kushoto, taratibu, juu na chini, bila kushika kitu.

"Usishushe!" Bi Zuhura alipiga kelele. "Mama Deo, wallahi usiushushe huo mguu!"

"Kwani nimekanyaga nini?"

Hakuwa amekanyaga kitu. Alisimama hivyo kwa muda mrefu kuliko mwalimu wetu alivyowahi kusimama, furushi halikutikisika, na habari ya mbuzi ikafika mwisho. Mimi nikatoa maelezo ya kisayansi kuhusu uti wa mgongo na uzito unaoukandamiza, maelezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Kisha nikajitwika la kwangu, likaanguka kwenye birika la chai. Tulicheka mpaka mteja akaingia kuuliza kama kuna msiba. Lakini dawa ya Mama Deo ilikuwa imepatikana, na tangu siku hiyo alifanya mazoezi na mzigo: kwanza robota dogo, halafu ndoo ya maji, halafu kikapu chake mwenyewe cha shambani. Alipanda na kushuka ngazi ya nyuma ya duka. Alitembea juu ya boriti tuliyoilaza uani. Aliposema anaweza kulivuka gogo, tulimwamini, na kweli alikuwa akilivuka. Jirani yake alituambia.

Deo alikuja mwezi wa sita kama alivyoahidi. Bi Zuhura alifunga duka, jambo ambalo huwa halifanyi hata akiugua, tukapanda bodaboda mbili mpaka Nyakitonto tukijifanya tumekuja kumsalimia mgeni. Deo alitupokea vizuri. Ni kijana mwenye adabu, mnene kidogo, shati limepigwa pasi; alituamkia kwa magoti yaliyokunjwa, akatuletea viti, akatuwekea chai mwenyewe. Mama yake alikwisha kuondoka kwenda shamba. "Amesema nimtazame akirudi," Deo alituambia, na nikaona kwamba alikuwa na wasiwasi wa kweli, hakuwa mtu wa kutafuta sababu. Tukashuka naye mpaka karibu na kijito, tukasimama kwenye majani upande wa nyumbani.

Alitokea kule juu, kikapu cha maharage kichwani, mikono inaning'inia. Alishuka mteremko. Alifika kwenye gogo, akalijaribu kwa kidole cha mguu, akapanda. Sijawahi kumwona mtu akitembea vizuri vile. Hakutazama chini, hakuharakisha, na shingo yake ilikuwa imetulia chini ya ule mzigo kama iko kitandani. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia Deo. Yeye lakini hakuwa pembeni yangu tena. Alikuwa amevua viatu vyake vya mjini na anakimbia.

"Mama, lete nikupokee!"

Mtoto aliyelelewa hawezi kusimama akimtazama mama yake na mzigo kichwani. Hilo si la Waha peke yao, lakini huku wanalishika kwa nguvu. Hata mlevi huacha pombe yake akamwendea. Deo aliingia majini mpaka kwenye mashavu ya miguu, akafika mwisho wa gogo wakati mama yake ana mguu mmoja juu ya gogo na mwingine hewani unatafuta ukingo, na kwa mikono miwili, kwa heshima yote, akakiinua kile kikapu kutoka kichwani pake. Niliona mwili wa Mama Deo unashtuka kama mtu aliyeamshwa. Angeweza kumwambia aache. Lakini mama hamkatalii mtoto mzigo mbele ya watu. Aliuachia, akayumba upande mmoja, akayumba upande wa pili, akaanguka.

Maji yalikuwa machache. Kifundo cha mkono ndicho kilichoumia. Sisi tuliokuwa na miezi yote ya kufikiri hatukuwahi kufikiri kwamba katika nchi hii hakuna mzigo unaofika nyumbani bila kupokewa. Deo alimbeba mama yake mgongoni mpaka ndani, analia kwa sauti, kisha akatoka kutafuta usafiri wa hospitali. Tukabaki watatu chumbani, chumba chenye kitanda cha kamba, picha ya harusi ya Deo na harufu ya moshi. Bi Zuhura alikuwa anaufunga ule mkono kwa kanga, anavuta fundo kwa hasira.

"Nakwenda kumwambia sasa hivi."

"Utamwambia nini?" aliuliza Mama Deo.

"Kwamba ulikuwa umeshavuka. Kwamba wewe hukuanguka, ni yeye ndiye—"

"Oya." Alikataa kwa Kiha, taratibu, kwa sauti aliyotumia kumkataza kuku. "Nilimfundisha kupokea mzigo kabla hajaweza kuubeba. Leo umwambie kwamba hiyo adabu ndiyo imemwangusha mama yake? Atalala?"

"Basi utaondoka," Bi Zuhura alisema.

"Nitaondoka."

"Na nyumba yako?"

Mama Deo aliutazama ukuta aliousiliba. Machozi yalimtoka, hakuyafuta, mkono mmoja ulikuwa umefungwa na wa pili ulikuwa umeshikwa na Bi Zuhura. "Nyumba ni udongo," alisema. "Mwalimu, na wewe umesikia. Mdomo wako uwe wa mwalimu anayetunza mtihani." Nilisema nimesikia. Nilikasirika, tena nilimkasirikia yeye, si Deo. Niliona ametupa kitu alichokipata kwa haki. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba mtu anaweza kupima kitu kimoja dhidi ya kingine na akachagua, lakini maisha yangu yote nilikuwa nimetoa alama kwa jibu lililo sahihi, na jibu sahihi lilikuwa letu.

Alikaa kwa Bi Zuhura mpaka mkono ulipoanza kupona, ili awe karibu na hospitali, wakati Deo anagawa mbuzi na kumkabidhi jirani shamba. Nilidhani darasa limekwisha. Jumamosi nikasikia ng'ambo ya ukuta wangu sauti ya ndala zinavuliwa. Nikaenda. Mama Deo alikuwa amesimama katikati ya stoo, mkono kwenye bandeji, kichwa wazi.

"Nifundisheni bila mzigo," alisema.

"Ya nini tena, mama?" nilimuuliza. Nadhani nilimuuliza kwa ukali.

"Kule watanipokea kila kitu. Hata kikombe. Nitasimama na nini?"

Kwa hiyo tulianza upya kabisa, mlima, kiti, mti. Aliyumba kama mwanzo. Siku nyingine alikasirika akatutukana kwa Kiha, nasi tulikuwa tunajua vya kutosha kuelewa. Bi Zuhura hakumshika tena. Alisimama naye uso kwa uso, wote wawili mguu mmoja juu, wanatazamana mpaka mmoja acheke. Mimi nilisimama pembeni yao. Bila kutangaza, katika majuma yale ndipo nilipoanza kuvaa sketi nikiwa nimesimama. Alikuwa anapata muda kidogo, kisha zaidi kidogo, kamwe si kama wakati ule wa furushi, na siku ya safari ilifika kabla sijaridhika.

Basi liliondoka asubuhi. Stendi ya Kasulu ilikuwa na matope, watu wanagombea mlango, vijana wa bodaboda wanaita. Deo alikuwa ametangulia ndani kuwahi kiti cha dirishani kwa ajili ya mama yake. Mizigo yote alikwisha kuipandisha. Hata mkoba mdogo wa mama yake, hata mtandio, kila kitu kilikuwa kimepokewa. Ngazi ya basi lile ilikuwa juu sana. Mama Deo aliweka mguu mmoja pale, mwingine ukabaki kwenye matope, na konda akamnyooshea mkono.

"Bibi, njoo nikushike."

"Oya. Subiri."

Deo alichungulia dirishani. "Mama, shika bomba! Mama!" Hakushika. Aliuinua mguu wa chini kutoka kwenye matope akauacha hewani, akasimama juu ya ngazi kwa ule mmoja, mikono yake mitupu imeachana kidogo na mwili. Waliokuwa nyuma yake walianza kuguna, mmoja akasema wazee hawa wana mambo. Hakugeuka kututazama. Hakuyumba. Bi Zuhura alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, ananiumiza, anasema, "Amepata, Mwalimu, amepata, ona." Niliona. Nilitaka mguu ule urudi chini kwenye matope ya Kasulu, nilitaka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nizaliwe, na ulikuwa umetulia tu pale juu, mpaka mwenyewe alipoamua, akaupeleka mbele, akaingia ndani.